Lisemwalo Si Lazima Liwepo: Imani, Akili na Shitaka la Uchawi Juu ya Watoto



Kuna methali tunayoitamka mara nyingi kana kwamba ni aya ya Maandiko Matakatifu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ina hekima yake, kwa kuwa hutuonya tusidharau kila fununu. Lakini ikifanywa kanuni ya kuhukumia watu, methali hiyo huua. Hapa Kisangani, toka Makiso na Mangobo hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, wako watoto wanaolala sokoni, na si kwamba wote hawana jamaa. Baadhi yao wamefukuzwa kwa sababu ukoo umekaa ukasema: huyu ni ndoki. Ningependa tulitazame shitaka hilo hatua kwa hatua, maana kabla halijawa ukatili wa mikono, huwa ni kosa la kufikiri.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba jambo lililotangulia ndilo lililosababisha lile lililofuata. Yatima anapokelewa nyumbani kwa mjomba wake. Miezi mitatu baadaye mjomba anapoteza kazi, kisha kitoto cha nyumba ile kinafariki. Watu wanahesabu siku na kusema: mambo yote yalianza alipokuja huyu. Jogoo huwika kila alfajiri kabla ya jua kuchomoza, wala hatusemi kwamba jogoo ndiye aliyelichomoza jua. Kwa yatima peke yake tunakubali hoja ambayo tungeicheka kwa jogoo.

Tena sababu ya kweli mara nyingi ipo, nayo hupimika. Ugonjwa wa damu tunaouita SS umeenea katika nchi yetu. Baba na mama wote wawili wakiwa wameibeba mbegu ya ugonjwa huo bila wenyewe kuugua, kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumzaa mtoto mgonjwa. Nyumba kama hiyo inaweza kuzika watoto wawili au watatu, huku wazazi wakionekana wazima kabisa. Kipimo cha damu kingewaeleza. Lakini ukoo ukishampata wa kumlaumu, hakuna tena anayekwenda hospitali kuuliza, na mtoto atakayezaliwa baadaye hubaki bila kinga.

Kosa la pili ni hoja inayozunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Mtoto akikana, wanasema ndoki hukana daima. Akilia, wanasema anatafuta huruma. Akinyamaza, wanasema amezibwa kinywa na wenzake wa usiku. Akikiri baada ya siku tatu za njaa na mapigo, wanasema: mmesikia wenyewe. Jiulizeni, ndugu zangu: mtoto asiye na hatia angefanya nini ili aonekane hana hatia? Kama hakuna jibu, basi hapakuwa na kesi tangu mwanzo. Palikuwa na hukumu tu.

Wazee wa mji huu waliwahi kuona hoja ya namna hii ikivaa silaha. Waasi wa Simba waliuteka mji wetu, wakati ule ukiitwa Stanleyville, mwezi wa Agosti 1964. Wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa na kuahidiwa kwamba risasi zingegeuka maji. Aliyeanguka kwa risasi alisemwa kuwa amevunja mwiko: amemgusa mwanamke, amegeuka nyuma, amekula kilichokatazwa. Hivyo aliyepona aliithibitisha dawa, na aliyekufa aliithibitisha vilevile. Imani isiyoweza kukanushwa hata na maiti haikuwa tena na habari na ukweli. Vijana wengi walilipa gharama yake.

Kosa la tatu ni kuegemea wingi wa watu au ukubwa wa cheo. Mtaa mzima unasema. Nabii wa kanisa la jirani ameona katika maono. Sisi Wakristu hatuna ruhusa ya kuusahau umati uliopaza sauti mbele ya Pilato. Walikuwa wengi, walikuwa na makuhani wakuu upande wao, na hawakuwa na haki. Kuhusu nabii anayelipwa kwa ajili ya maombi ya kumfungua mtoto, tusiseme kwamba kwa kuwa analipwa basi ni mwongo. Hilo nalo lingekuwa kosa la hoja. Tuseme tu kwamba cheo chake si ushahidi. Na atuambie amejuaje.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyetangazwa Mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichoharibika. Katika nchi ambamo wengi hujitetea kwa neno “wote wanafanya”, yeye alijua kwamba wingi wa watendao hauwezi kukigeuza chakula kibovu kuwa kizuri.

Kosa la nne ni kuwahukumu wote kwa tendo la wachache. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu Lubunga na kuzikimbiza familia nyingi. Kila upande ulipoanza kusema “hao wote ndivyo walivyo”, mama muuza mihogo alibebeshwa deni la mtu asiyemfahamu. Mtoto wa mitaani naye hubebeshwa hivyohivyo: mmoja akiiba simu, wote ni wezi, na wote ni ndoki.

Bwana wetu alikutana na fikra hizi. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimpa Yesu njia mbili tu za kuchagua: ametenda dhambi yeye, au wametenda wazazi wake. Yesu alizikataa zote mbili, kisha akamponya. Na alipoletewa habari za maafa, aliwakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Msiba haumtaji mkosaji.

Najua baadhi yenu mtaniuliza: je, mwalimu, unakana kazi ya Shetani? Hapana. Mimi nafundisha katekisimu, na Kanisa linafundisha kwamba mwovu yupo. Lakini tazameni jinsi Kanisa lenyewe linavyokwenda polepole. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inamkataza mtu yeyote kupunga pepo bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padri mwenye ibada, elimu na busara. Katekisimu, namba 1673, inataka kwanza ihakikishwe kwamba hatuko mbele ya ugonjwa. Ikiwa Askofu anapaswa kungoja uhakika, shangazi aliyeota ndoto mbaya usiku mmoja ana haraka ya nini?

Nchi yetu nayo imesema. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu afanyaye hivyo. Lakini sheria iko mbali na kilio cha matanga usiku. Aliye karibu ni mimi na wewe, tuliokaa katika viti vya plastiki na kusikia jina la mtoto likianza kutajwa.

Hapo ndipo utume wa walei unapodaiwa. Kabla jina halijazunguka, mmoja wetu na aulize kwa upole, kama inavyompasa mtu mbele ya wafiwa: Baba mkubwa, tumejuaje? Je, kuna sababu nyingine ambayo hatujaipima? Na ni jambo gani lingetuonyesha kwamba tumekosea? Anayeshitaki ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Mtoto hana wajibu wa kuthibitisha kwamba si mchawi. Ikiwa maswali hayana majibu, basi jamaa wakubaliane jambo moja tu usiku ule: mtoto alale ndani, na asubuhi apelekwe kupimwa pamoja na ndugu zake.

Akili ni zawadi ya Mungu sawa na imani, na kuitumia vizuri ni sehemu ya amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Roho Mtakatifu atujalie mapaji ya akili na shauri, hasa saa ile machozi yetu yanapotafuta mtu wa kumlaumu.