Mwenye Motokaa Akifariki

Siku za matanga ndizo siku ambazo motokaa ya marehemu hufanya kazi kuliko siku zote. Huyu aende stendi kupokea wageni, yule afuate mchele na turubai, mjomba arudishwe kwake usiku. Funguo hupita mkono hata mkono, wala hakuna aulizaye: bima ya motokaa hii ni ya nani?

Kuuliza hivyo si kukosa huruma. Bima ni mapatano kati ya kampuni na mtu aliyetajwa katika hati. Mapatano hayo hayarithiwi kama jembe. Mwenyewe akifa, hati moja huweza kuendelea kuwalinda warithi, nyingine ikabana ni nani aruhusiwe kuendesha, na nyingine ikakoma.

Sheria ya Tanzania haikubali motokaa itembee barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine wanaoweza kuumia au kufa kwayo. Tuseme kijana wa marehemu, mwenye huzuni na usiku tatu bila usingizi, amemgonga mpita njia. Bima ikiwa imekoma, fidia itadaiwa kwa kijana, na pengine kwa mali iliyoachwa, yaani shamba na nyumba anamokaa mama mjane. Na yule aliyegongwa naye ana watoto wanaomngoja.

Basi yafaa kufanya hivi.

Kwanza, funguo zikae kwa mtu mmoja na motokaa ipumzike. Wageni wafuatwe kwa gari la jirani au la kukodi.

Pili, itafuteni hati yenyewe. Tazameni jina, tarehe ya mwisho, na walioruhusiwa kuendesha. Kama mwenyewe alikufa katika ajali ya motokaa hiyo, someni kwa makini zaidi: bima ndogo hailipi matengenezo ya motokaa yenu, bali bima kubwa huweza kulipa, na baadhi yake zina fidia kwa kifo cha mwenye bima.

Tatu, kampuni ipewe habari mapema, kwa simu kisha kwa barua. Cheti cha kifo, kinachotolewa na RITA, kikipatikana nakala yake ifuate. Ombeni jibu la maandishi: je, bima ingali hai, na nani aweza kuendesha?

Nne, ukoo ukae na kupendekeza msimamizi wa mirathi, kisha mahakama imteue. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Nyingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni katika miezi 4, na motokaa iwemo. Kwa hati ya uteuzi huo aweza kwenda TRA jina libadilishwe, na mwenye jina jipya akate bima yake mwenyewe.

Wako wanaokata njia ya mkato. Huandika karatasi ya mauziano kwa tarehe ya nyuma na kutia sahihi ya marehemu. Hiyo ni kughushi, nayo ni jinai. Wengine huendelea kulipia bima kwa jina la marehemu wakificha kifo chake. Fedha hupokewa bila maswali, lakini siku ya ajali maswali huja yote pamoja, na kampuni huweza kukataa kulipa.

Nanyi akina baba mlio hai, msiwaachie wake zenu kazi ya kupekua makabati wakiwa na machozi. Jioni ya leo mwonyeshe mama watoto hati ya bima ilipo, kadi ya usajili ilipo, na kama motokaa ina deni la benki, mwambie. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.