Ufunguo wa mpangaji aliyehama

Hebu nikuulize swali moja, msomaji, na ulijibu kimoyomoyo kabla ya kuendelea. Mlango wa nyumba unayolala una funguo ngapi duniani? Huenda ukasema mbili, wako na wa bibi. Au tatu, ukiongeza ule wa yaya. Lakini je, mwenye ploti? Je, msimamizi wake? Je, yule aliyekaa humo kabla yako, pamoja na shemeji yake aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miezi minane?

Nauliza kwa sababu ya jirani yangu mmoja wa hapa Umoja. Alirudi kutoka kazini jioni moja akakuta mtungi wa gesi hauko, runinga haiko, na hata sufuria kubwa ya Krismasi imekwenda. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Dirisha halikuguswa. Polisi walipokuja waliuliza ni nani mwingine aliye na ufunguo. Basi binti wa kazi akachukuliwa, akalala kituoni siku mbili, na alipoachiliwa kwa kukosa ushahidi alifungasha virago akarudi kwao bila mshahara wa mwezi ule. Miezi mitatu baadaye mume wa jirani yangu alikuwa kitandani mchana akiugua malaria, akasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Aliyeingia ni kijana asiyemjua hata kidogo. Kumbe alikuwa ndugu wa mpangaji aliyehama mwaka uliotangulia, na ufunguo alikuwa nao tangu hapo.

Kitasa hakikuwa kibovu. Kilifanya kazi yake barabara, maadamu kilimfungulia mwenye ufunguo.

Ndiyo maana nasema kwamba unapohamia nyumba, kabla hujatundika pazia, shughulikia mlango. Wala si lazima ununue kitasa kipya. Ikiwa ufunguo wako ni ule bapa wenye meno kama ya msumeno, basi kitasa chako kinaweza kubadilishwa ufunguo huku chenyewe kikibaki pale pale. Aina hii wengi huiita ya Yale, kwa jina la Linus Yale Mdogo, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka wa 1861, ingawa wazo la vijiti vinavyoanguka na kuzuia komeo lilikuwamo tayari katika makufuli ya mbao ya Misri ya kale.

Ndani ya kitasa hicho mna silinda, na ndani ya silinda mna kiini kinachozunguka pamoja na ufunguo. Kiini kimetobolewa matundu, aghalabu 5, na matundu hayo yanaendelea hadi katika mwili wa silinda. Kila tundu lina pini mbili zilizopandana: ya chini inayogusa ufunguo, na ya juu inayosukumwa na springi. Ufunguo usipokuwamo, pini za juu hushuka zikakaa nusu ndani ya kiini na nusu nje, nacho hakiwezi kugeuka. Kila bonde la ufunguo limekatwa kwa kina chake, ili linyanyue pini ya chini mpaka pale zile mbili zinapokutana palingane na ukingo wa kiini. Zikilingana zote 5, kiini huzunguka. Ikikosea moja tu, kiini hakisogei. Pini 5, kila moja ikiweza kuwa na urefu wa aina 6, hutoa mipangilio 7,776. Wanafunzi wa hesabu mnaweza kuhakikisha.

Sasa utaona kwamba kubadilisha ufunguo ni kubadilisha zile pini za chini tu. Fundi hutoa silinda mlangoni, huingiza ufunguo wa zamani na kugeuza kiini kidogo, kisha hufungua kibanio au skurubu za nyuma. Hapo husukuma kiini nje kwa kijiti cha mviringo chenye unene ule ule wa kiini. Kijiti hicho ndicho siri ya kazi yote, kwa maana huzizuia pini za juu na springi zisiruke kila upande wa meza. Akishatoa kiini, humwaga pini za chini, huingiza ufunguo mpya, na kupanga pini nyingine mpaka vichwa vyake vyote viwe sawa na uso wa kiini. Hakuna kinachochomoza, hakuna kilichozama. Kisha hurudisha kiini kwa kukisukuma kijiti nje. Kwa fundi aliyezoea, kazi hiyo haichukui muda wa kuivisha maharagwe. Ufunguo mpya lazima uwe wa umbo lile lile la ubavuni, la sivyo hautaingia.

Simama karibu naye anapofanya kazi, msomaji. Nasema hivyo bila kuwatukana mafundi, maana wengi ni waaminifu. Lakini yupo ambaye hana sanduku la pini za urefu mbalimbali, naye hufanya njia ya mkato: hutoa pini mbili au tatu na kukurudishia kitasa kinachoshikwa na zilizobaki. Kitafungua vizuri, kwa ulaini wa kupendeza. Kitafunguka pia kwa ufunguo wa jirani. Mwingine husugua pini kwa tupa mpaka zilingane, na baada ya muda kitasa huanza kukwama. Fundi hodari asiye na pini mpya anaweza kuzibadilishia matundu zile zile za zamani na kukukatia ufunguo wa mpangilio huo, na hilo si kosa. Kwa hiyo hesabu. Matundu 5, pini 5. Kisha jaribu kitasa kwa ufunguo wa zamani mbele yake, na kwa funguo nyingine zinazoingia. Ukigeuka hata mmoja, usilipe.

Labda umesikia wauzaji wakitaja pini za usalama, nawe unajiuliza kama ni maneno ya kuuzia tu. Si uongo. Pini ya kawaida ni laini kama kipande cha msumari. Pini ya usalama ina kiuno, mfano wa kile kigogo kinachozungushiwa uzi wa cherehani. Nyingine ina umbo la uyoga, na nyingine ina mikato mikato ubavuni. Mwizi anayechokoa kitasa kwa waya hukaza kiini kidogo na kunyanyua pini moja baada ya nyingine, akihisi kila moja inavyoketi. Akifika kwenye pini yenye kiuno, kiini hugeuka kidogo tu na kukwama. Hudhani amefaulu, kumbe amenaswa. Inambidi alegeze, na akilegeza, zile alizokwisha kuziweka huenda zikashuka tena. Mtu hodari atapita, lakini atachelewa, na mwizi hapendi kuchelewa koridoni mwa watu.

Hata hivyo, pini hizo hufaa pale silinda yenyewe imechongwa kwa makini. Ukiweka pini za usalama katika silinda iliyolegea, ambayo kiini chake kinacheza ukikigusa, umevalisha punda tandiko la farasi. Zikumbuke pia unapobadilisha ufunguo: kwa kawaida ndizo zile pini za juu, na fundi akiziangusha sakafuni akaweka za kawaida, utakuwa umepoteza ulichonunua bila kujua.

Na sasa lile ambalo muuzaji hatakwambia. Kuchokoa kitasa kwa waya ni ufundi wa kujifunza kwa muda mrefu, na anayetaka mtungi wako wa gesi aghalabu hana subira hiyo. Ana mtaimbo. Au ana ufunguo. Pini za usalama hazizuii mtaimbo, hazizuii drili ya kutoboa kiini, na hazimzuii aliye na ufunguo halali. Kwa silinda zile ndefu zinazopita mlango pande zote mbili, hazizuii hata kuvunjwa kwa koleo: silinda ikichomoza nje ya mlango, hushikwa na kukatika katikati, palipo na tundu la skurubu, ambapo chuma ni chembamba kuliko mahali pengine pote.

Kwa hiyo mimi, ningekuwa na pesa kidogo, ningeanza na kubadilisha ufunguo. Kisha ningetazama kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa. Katika nyumba nyingi kimeshikwa na skurubu fupi zinazouma ubao wa juu tu, na teke moja huzing'oa. Ziondoe, utie ndefu zinazofika ndani kabisa. Halafu bawaba, hasa kama mlango unafunguka kwa nje. Pini za usalama zingekuja baada ya hayo, nami nisingezikataa.

Wenye mlango wa chuma na kufuli, mambo yenu ni mengine. Kufuli nzito iliyoning'inia kwenye pete nyembamba zilizochomelewa kwa haraka ni pambo. Mwizi huzikata zile pete kwa msumeno wa chuma na kuiacha kufuli yako ikiwa nzima. Na wenye kitasa cha ufunguo wa shina la mviringo wenye jino moja pana mwishoni, hapo hamna pini. Mna vibamba, mara nyingi 3 tu, na funguo tofauti zinazowezekana ni chache kuliko za pini. Usishangae ufunguo wa nyumba namba sita ukifungua namba kumi na moja. Hicho ni heri kukibadilisha chote kwa chenye vibamba 5.

Wanafunzi mnaokaa hosteli, jambo moja kwenu: usipige picha ya ufunguo wa chumba kipya na kuwaonyesha marafiki kwenye simu. Mabonde yanaonekana, na picha nzuri yamtosha fundi kukata mwingine. Usiununue pia mfano wa kufuli alionao mwenzako bila kulinganisha namba zilizopigwa kwenye funguo, maana zipo zinazouzwa zikiwa na ufunguo mmoja.

Mwambie mwenye ploti kabla ya kugusa kitasa, na mkubaliane nani ataweka ufunguo wa akiba. Wengi hukubali bila neno, ilmradi siku ya kuhama urudishe vyote.

Jirani yangu alinunua silinda mpya, ya kawaida, kwa bei isiyofika ya mtungi wa gesi. Mumewe aliiweka mwenyewe kwa bisibisi, skurubu moja tu ya ubavuni mwa mlango, baada ya kupima urefu kutoka skurubu hiyo hadi kila mwisho wa silinda. Jioni ile ile alimtumia yule binti mshahara wake kwa M-Pesa, pamoja na ujumbe wa kuomba radhi. Pesa zilipokewa. Jibu hajalipata.