Picha za Nani, Faida ya Nani?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nataka kugombana. Tena nataka kugombana na watu wapole, wenye sauti za chini na tabasamu la kudumu, ambao kila ukiwauliza jambo hukujibu: "Sisi hatufanyi biashara." Nasema waendeshaji wa zile nyumba za picha zisizo za faida. Wanachukua jumba la zamani, wanalipaka chokaa, wanatundika ukutani sura za watu wetu, na mlangoni wanapiga kibao chenye majina ya wafadhili. Eti kwa kuwa hawauzi, basi wasiulizwe.

Mimi nasema waulizwe, tena zaidi ya muuza duka. Muuza duka akikuudhi unahamia duka la pili. Huyu asiyeuza utamhamia wapi, na picha ya bibi yako iko kwake?

Hili neno "bila faida" linatajwa siku hizi kana kwamba limeshuka na ndege Kisauni. Si kweli. Mji Mkongwe umeishi nalo kabla ya mradi wa kwanza kuandikwa, ila sisi tuliliita wakfu. Mtu anaiweka nyumba yake wakfu: kodi yake itengeneze msikiti, ilishe mafukara, isomeshe watoto. Akishaiweka hivyo haiuziki wala hairithiwi. Anawekwa mutawali wa kuisimamia, na mutawali si mwenye nyumba. Akijisahau akaanza kutembea nayo kama yake, wazee wa barazani watamkumbusha, na asiposikia kuna pa kumshitakia, maana mpaka leo serikali ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa hiyo tusitishane. Kitu kisicho na faida lazima kiwe na mtu kilichowekwa kwa ajili yake. Swali langu kwa hawa mabwana na mabibi ni hilo moja tu: nyumba yenu ya picha imewekwa kwa ajili ya nani?

Sasa sikilizeni kichekesho. Nyumba ya picha iliyowafaa Wazanzibari kuliko zote ilikuwa duka. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alimpiga picha Sultani na wageni wake, akapiga majahazi, njia za mji, na watu wa kawaida waliojitia mafuta na nguo za sikukuu wakaja kusimama mbele ya kamera. Baada yake mwanawe, Rohit, akaishika kazi kwa miaka mingi pale pale Barabara ya Kenyatta, na kuta za duka zikawa zimejaa Zanzibar ya weusi na weupe toka juu mpaka chini. Hakukuwa na mkurugenzi pale, wala bodi. Lakini angalieni jambo moja: kazi ya studio ni kwamba mtu anakuja, anapigwa, analipa, na anaondoka na picha yake. Inakwenda kutundikwa ukumbini, inakwenda kwenye albamu, inatumwa Muskati kwa shangazi. Aliyepigwa ndiye mwenyewe. Leo katika hizi nyumba zisizo za faida, aliyepigwa ndiye mtu pekee asiyeondoka na kitu.

Sisemi wafanyabiashara walikuwa malaika. Kabla ya Oza walikuwepo akina Gomes na akina Coutinho, Wagoa, waliouza postikadi kwa abiria wa meli. Kwenye postikadi za zama hizo mwanamke wetu alikuwa "mwanamke wa Kiswahili", mzee wetu "Mwarabu", basi. Jina hana. Biashara ni biashara, mnunuzi hakuwa na haja ya jina. Lakini hawa wa leo wasiouza, wenye kompyuta na ruzuku, wamepata udhuru gani wa kuendelea kuandika vile vile?

Naandika riwaya. Mambo yake yako Ng'ambo, miaka ya hamsini, na mimi nimezaliwa miongo mingi baada ya hapo. Kusoma kwangu kumeishia skuli ya sekondari, wala sina pesa ya kukaa hoteli ya maktaba za Ulaya. Nahitaji kujua mlango ulikuwa na komeo la namna gani, kanga ilifungwaje siku ya kazi na ikafungwaje siku ya shughuli. Nikaenda nyumba moja ya picha hapa mjini, jina nalihifadhi. Nikaikuta picha ya mwanamke amekaa kizingitini anachambua mchele. Chini yake pameandikwa jina la mpiga picha, mwaka, aina ya karatasi, jina la aliyeiazima picha, na jina la shirika lililolipia fremu. Yeye mwenyewe ni "Mwanamke, Zanzibar". Nikaomba nakala, nikaambiwa kuna haki. Haki za nani? Kijana wa mapokezi hakujua. Mkurugenzi kasafiri, niandike barua pepe. Niliandika. Naandika mpaka leo.

Wakati natoka, mzee mlinzi kaniita pembeni. "Kile kizingiti ni cha Kikwajuni," kaniambia, "na jirani yake akiitwa fulani, alikuwa fundi cherehani." Mzee huyo kakaa mlangoni pale miaka. Hakuna aliyemuuliza hata siku moja, kwa sababu yeye kaajiriwa kulinda picha, si kuzijua.

Hapo ndipo penye jeraha, jamaa zangu. Jina la mtu aliye pichani halimo kwenye karatasi, limo kichwani mwa mzee, na wazee tunawazika kila Ijumaa. Fremu inaweza kungoja mfadhili wa mwaka ujao. Yule mzee hawezi.

Watu wa Marekani je? Chuo Kikuu cha Northwestern, kule Evanston karibu na Chicago, mwaka 2002 kilipata mkusanyo wa Humphrey Winterton, Mwingereza aliyekusanya picha za Afrika Mashariki za toka miaka ya 1860 mpaka 1960. Ni zaidi ya 7,500. Wamezitia kwenye intaneti, na mtu akikaa Jaws Corner na kahawa yake anaweza kuzifungua kwa simu bila kumpigia saluti mtu yeyote. Sifurahii kwamba Unguja yangu imelazwa Illinois. Lakini nikiwa mkweli, Illinois imenifungulia mlango haraka kuliko nyumba iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka Darajani.

Najua watakachojibu. Watasema fedha hakuna, unyevunyevu unakula kila kitu, paa linavuja. Kweli tupu. Negativu ya zamani ikianza kunuka siki ujue imeshaanza kufa, na hewa yetu ya chumvi haimwonei mtu huruma. Beit al-Ajaib, jumba kubwa namna ile, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu. Sauti za Busara, tamasha linalojulikana dunia nzima, lilikosa pesa na 2016 halikufanyika. Kwa hiyo simcheki mtu anayehangaika kulipa umeme. Namwambia tu kwamba kumuuliza mlinzi jina la jirani yake hakuli umeme. Kuandika jina hilo kwa penseli nyuma ya picha hakuhitaji pendekezo la kurasa arobaini. Tatizo ni kwamba fomu ya mfadhili inauliza wamekuja wageni wangapi, haiulizi yamepatikana majina mangapi. Basi na wao wanahesabu wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, mwenyeji kaulizwa tiketi.

Halafu wasituambie kwamba Afrika haijui kufanya jambo hili. Ricardo Rangel, mpiga picha wa Msumbiji, alianzisha kituo cha picha Maputo mwaka 1983, nchi ikiwa vitani, na kazi yake ilikuwa kuhifadhi na kufundisha kwa pamoja. David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop mjini Johannesburg mwaka 1989, enzi ya ubaguzi, ili vijana waliofungiwa milango wapate mahali pa kujifunza kushika kamera. Hawa walianza na mwanafunzi, ukuta ukafuata. Kwetu tunaanza na ukuta, kisha na uzinduzi wenye hotuba za Kiingereza na sambusa. Mafunzo ni warsha ya siku tatu, chai na cheti. Siku ya nne kamera zinarudi kabatini na ufunguo anao mkurugenzi.

Mfikirieni Bi Kidude, Mungu amrehemu. Mpaka anafariki Aprili 2013 kapigwa picha na nusu ya dunia, na sigara yake na ngoma yake. Angalau yeye jina lake liliandikwa. Wale wanawake waliokaa nyuma yake kwenye picha hizo hizo, wapiga ngoma wenziwe, nani anawajua? Nimeshaona watu wakikata picha ili wao watoke.

Basi nasema wazi ninachotaka, asije mtu akasema nimebwata tu. Katika kila bodi ya nyumba ya picha mjini humu wakae watu wa Ng'ambo, tena wawe wengi, si mmoja wa kupigia picha ya pamoja. Mtu akitambua bibi yake ukutani apewe nakala siku hiyo hiyo bila ya senti, na ajulishwe picha ilipatikana wapi. Mara moja kwa mwezi picha zishushwe ukutani zipelekwe barazani, Miembeni, Kikwajuni, Michenzani, Makunduchi ikibidi, wazee wakae nazo, na kijana akae nao na daftari. Sisi waandishi wachanga tuko wengi na hatuna kazi; daftari tutakuja nalo wenyewe.

Na saa za kufungua. Kufungua saa tatu asubuhi mpaka saa kumi ni kumfungulia mtalii, maana saa hizo mchuuzi yuko sokoni na mwalimu yuko skuli. Fungueni baada ya Alasiri, mfunge baada ya Isha. Mlinzi ninayemjua mimi anasema yeye hana neno, atakaa.