Wapelekwao Mjini Bila Kuuona Mji

Kila ukaribiapo mwisho wa muhula, neno moja huanza kusikika katika vyumba vya walimu na katika ofisi za Korogwe: ziara. Kamati huundwa kwa haraka, michango hupangwa, basi hukodiwa, na jina la Dar es Salaam hutajwa kana kwamba halina mpinzani. Siku ifikapo, watoto hukusanywa Manundu usiku wa manane wakiwa na vifurushi vyao vya chakula. Usiku wa siku hiyo hiyo hurejeshwa, nusu yao wakiwa usingizini, na kesho yake huandikwa ripoti kwamba ziara ya mafunzo ilifana sana. Ilifana kwa nani, na mafunzo yenyewe yalikuwa yapi? Ripoti haisemi.

Hesabu ya jambo hili haihitaji mtaalamu. Kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Sheria haimruhusu dereva wa basi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu hutakiwa kupunguza hadi 50. Ongeza vituo vya kujisaidia, ongeza mizani, ongeza foleni inayoanza Kibaha na kuendelea hadi katikati ya jiji. Basi lililoondoka saa 10 usiku litakuwa na bahati njema likifika saa 4 asubuhi. Likitaka kurudi kabla ya usiku kuwa mkubwa, halina budi kugeuza saa 10 jioni. Zimebaki saa 6, na ndani ya saa hizo watu 60 wanatakiwa wale, wajisaidie, wahesabiwe kila wapandapo na washukapo, na waione Dar es Salaam. Mtoto amekaa kitini saa 12 ili atembee kwa miguu yake saa 3 au 4. Huo ni usafirishaji wa watu, na kuuita mafunzo ni kulionea neno hilo.

Na katika saa hizo chache huonyeshwa nini? Hupitishwa mbele ya jengo la tatu la abiria la uwanja wa ndege, wakaliona kwa dirisha. Huvushwa daraja la Kigamboni, wakalipiga picha. Huingizwa katika duka kubwa ili wapande ngazi za umeme, wapande tena, kisha wafukuzwe na walinzi. Mwisho humwagwa ufukweni kwa nusu saa. Makumbusho ya Taifa, ambamo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, aghalabu huachwa kwa kuwa muda umekwisha. Ngazi za umeme zilipata muda. Fuvu lenye umri wa karibu miaka milioni 2 halikupata.

Hapana anayesema Dar es Salaam haistahili kutembelewa. Inastahili, tena kwa siku 2 au 3, kwa wale wenye mahali pa kulala na fedha za kukaa. Lakini kuifanya kuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Korogwe ni kuwadanganya wazazi. Ni kuwahatarisha watoto pia. Barabara hii inafahamika. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, hapo Magila Gereza, katika wilaya hii hii ya Korogwe, lori na gari dogo la abiria lililokuwa limebeba waombolezaji kutoka Dar es Salaam viligongana, na watu zaidi ya 15 wakapoteza maisha. Wale walikuwa na msiba. Hawakuwa na hiari ya siku wala ya saa. Kamati ya ziara inayo hiari.

Yapasa kuuliza kwa nini basi kamati zing'ang'anie Dar es Salaam, ilhali jiji kubwa la pwani lipo umbali wa kilomita zipatazo 100 tu, mwendo wa saa 2 kwa kupitia Segera na Muheza. Basi likiondoka Manundu saa 12 asubuhi, kumekwisha kupambazuka, saa 2 liko Tanga. Likiondoka Tanga saa 11 jioni, watoto wamepata saa 9 kamili za kuona, kuuliza na kuandika, na saa 1 usiku wako mikononi mwa wazazi wao. Hata wenzao wa Handeni wanaweza kufanya hivyo bila ya kuvunjika migongo.

Jibu la kawaida hutolewa kwa kubeua midomo: "Aa, Tanga! Tanga tumeizoea." Kauli hii ichunguzwe vizuri, maana ndani yake mna ugonjwa. Mtumishi wa Korogwe ameizoea Tanga gani? Ameizoea ile ya ofisi ya mkoa, ambako huitwa kikaoni, akatia sahihi karatasi ya posho na kuwahi basi la saa 9. Ameizoea Tanga ya hospitali ya Bombo, ambako alimpeleka mgonjwa na hakuwa na moyo wa kutazama kitu kingine. Ameizoea Tanga ya mahakama na ya benki. Amekwenda mara 40 na hajaiona hata mara moja. Mtu wa namna hiyo kusema kwamba Tanga haina kitu ni sawa na tarishi aliyebeba barua miaka 20 kudai kwamba anajua yaliyoandikwa ndani yake.

Kuna na kasumba nyuma yake. Wengi wamefundishwa kuamini kwamba mji ni bidhaa: penye maghorofa mengi na maduka mengi ndipo penye mengi ya kujifunza. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, moja ya lawama zake kwa elimu iliyorithiwa ilikuwa kwamba humtenga kijana na jamii ambayo imekusudiwa kumwandaa kuishi ndani yake. Ziara ya ngazi za umeme ni mtoto halali wa elimu ile. Kijana hurudi nyumbani akiwa amejifunza jambo moja tu, kwamba kwao hakuna kitu.

Sasa kwao kuna nini? Korogwe ni nchi ya mkonge. Mmea huu uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Inajulikana kwamba katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyotanda kutoka Pangani hadi kando ya mto Ruvu na kuzunguka Ngombezi, Magunga na Hale. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani. Nani aliukata mkonge huo? Waliukata manamba, waliotoka Kigoma na Songea, waliotoka Rwanda na Burundi, watu walioandikishwa kwa mkataba na kupewa namba na kipande, wakakaa kambini na wengi wasirudi kwao tena. Wajukuu na vitukuu vyao ndio waliomo katika madarasa ya Korogwe leo. Wana majina ya Kigoma na ya Songea na lafudhi ya Korogwe, na wengi hawajaambiwa ni kwa sababu gani.

Katani iliyotoka korona za Korogwe ilifungwa marobota, ikapakiwa garini, ikateremka Tanga. Hadi miaka ya karibuni meli kubwa hazikuweza kufika gatini hapo. Zilitia nanga mbali, na shehena ikapelekwa kwa matishari. Kazi ya kuchimba kina iliyoanza mwaka 2019 imekigeuza kina cha gatini kutoka mita 3 hadi mita 13. Mtoto wa Manundu akisimama mbele ya bandari ile, huku mwalimu aliyejiandaa akimwonyesha maji yalipokuwa mafupi, matishari yalipokuwa yakipita na marobota yalipokuwa yakisubiri, atajua jasho la babu yake lilipitia wapi kwenda Ulaya. Hakuna duka la Dar es Salaam litakalomwambia hayo. Na akiuliza habari za leo, aelezwe Chongoleani, ng'ambo ya kaskazini ya jiji, ambako litaishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda.

Reli nayo ni somo la nyumbani. Ujenzi wa reli ya kwanza katika nchi hii ulianzia Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Stesheni ambayo watoto hawa huipita kila siku ni kongwe kuliko serikali 3 zilizotawala tangu hapo. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walipoteremsha askari wapatao 8,000 kutoka India ili waiteke Tanga, Wajerumani waliokuwa na watu kama 1,000 waliletewa msaada kwa reli hiyo hiyo kutoka upande wa Moshi, magari yakipita Korogwe. Waingereza walishindwa, na hadithi ya nyuki waliowavamia askari vitani ingali ikisimuliwa. Makaburi ya vita yapo Tanga. Watoto na wasome majina juu ya mawe, kisha waulize makaburi ya wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita ile yako wapi. Swali hilo moja lina uzito kuliko ziara 10 za ufukweni.

Lakini hata Tanga itapotea ikiwa itapangwa kwa ulafi. Wako viongozi wa ziara ambao, wakipewa saa 9, hutaka kuweka humo mambo 14, na matokeo yake ni kukimbizana na saa. Siku moja haiwezi kubeba kaskazini na kusini pamoja. Asubuhi itumike mjini: Boma la zamani la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi, bandari, makaburi, na mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba. Kwa walimu, mji huu una deni maalumu. Hapa ndipo Wajerumani walipofungua shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, na hapa ndipo lilipochapishwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Karani na mwalimu wa kisasa wa nchi hii wana ukoo hapo, uwe wa kujivunia au wa kulaumiwa. Na wabishane juu yake.

Alasiri ichaguliwe njia moja. Wenye kusoma jiografia waende Amboni, kaskazini ya mji, wakaone mapango ya chokaa na jinsi maji yanavyochonga mwamba kwa muda usiohesabika. Wenye kusoma historia na Kiswahili washike barabara ya Pangani. Huko kuna Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Inafaa watumishi wa umma wakumbushwe kwamba mtu huyu hakuwa tajiri wala profesa. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926, kisha akatumikia idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji ardhi hapo Tanga. Aliandika vitabu vyake akiwa na kazi kama zile wanazozitaja wengine kuwa sababu ya kutosoma hata gazeti. Mbele kidogo ni Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa kale, waliokuwa wakifanya biashara na ng'ambo kabla Mreno hajaipita pwani hii mwaka 1498. Mtoto aliyewahi kuambiwa kwamba historia yetu ilianza na mgeni, na apelekwe Tongoni.

Matayarisho ndiyo yanayotenganisha ziara na tembeatembea. Mwalimu mmoja atangulie wiki 2 kabla, kwa basi la kawaida, akiwa na daftari. Apime mwendo kutoka mahali hadi mahali, aone vyoo vilipo, aulize viingilio na saa za kufungua. Barua ya kuomba kuingia bandarini haiandikwi Alhamisi kwa safari ya Jumamosi. Ijumaa iepukwe, au mchana wake upangwe kwa kuiheshimu sala. Jedwali la kupwa na kujaa kwa bahari litazamwe, kwa kuwa ufuko wa saa 4 sio ufuko wa saa 10. Kwenda Amboni kunahitaji tochi na viatu visivyoteleza. Darasani, kabla ya siku yenyewe, kila kundi lipewe swali moja la kurudi na jibu lake. Jambo moja dogo la kuongeza: mto wanaouvuka kila siku Korogwe hauingii baharini Tanga, huingia Pangani, wasiojua watashangaa ni wangapi, wakiwamo watu wazima.

Mzazi wa Manundu anayetoa mchango kwa kuuza mahindi yake anayo haki ya kuonyeshwa karatasi kabla ya kutoa fedha: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, mahali patakapotembelewa, jina la mwalimu aliyetangulia kupaona, na kile ambacho mtoto atatakiwa kukieleza atakaporudi. Kamati isiyoweza kuijaza karatasi hiyo haijawa tayari kukodi basi. Na wakuu wa shule na wa idara wanaotia sahihi maombi ya ruhusa wasiendelee kutosheka na neno "Dar es Salaam" likifuatwa na idadi ya abiria. Likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na barabara ya Tongoni ikipitika, ndiyo nafasi iliyo karibu. Mwalimu wa kutangulia na ateuliwe sasa.