Eti programu "haijui kurahisisha"! Tuache hizo

Leo sina stori za bumu kuchelewa wala foleni ya chakula. Leo nina ugomvi na sisi wenyewe, walimu watarajiwa wa Hisabati.

Kila tukitoka maabara ya kompyuta lawama ni ileile: "Programu mbovu ile, inaacha jibu halijarahisishwa." Mtu anaandika kipeuo cha pili cha x² kwenye SymPy, anategemea apewe x, inamrudishia kilekile alichoandika. Basi, matusi!

Jamani, hebu weka x = -3. Mraba wake ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3, siyo -3. Sasa nani mbovu hapo? Programu haijaambiwa x ni chanya, kwa hiyo haikisii. Iambie mapema kwamba x ni chanya, inakupa x bila ubishi.

Chukua na (x² - 1)/(x - 1). Inauacha hivyohivyo mpaka uiamuru ikate. Sisi tunakata fasta, tunaandika x + 1, na hatusemi kwamba x ikiwa 1 ule mtajo wa mwanzo hauna thamani kabisa.

Halafu huko "kurahisisha" kwenyewe ni kupi? (x¹⁰⁰ - 1)/(x - 1) unaenea kwenye robo mstari. Gawanya uone: unapata vipande 100 vya kujumlisha. Lipi rahisi hapo? Hata x² + 2x + 1, ukiiambia SymPy irahisishe, inakuachia hivyo. Ukitaka (x + 1)² uiambie itafute vigawo. Yaani unataja kazi unayoitaka.

Na siyo uvivu wa watengenezaji. Mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba ukishachanganya mambo kama sine, vipeo vya e na thamani kamili, hakuna kanuni moja inayoweza kuamua kila mara kama mtajo ni sawa na sifuri. Mashine gani itamaliza kazi hiyo?

Kinachoniuma ni mtoto wa kidato cha pili. Swali limesema "rahisisha", ameandika x² + 2x + 1, mwongozo wa kusahihishia una (x + 1)². Anapigwa kosa kwa wino mwekundu! Hajakosea chochote, ila anarudi nyumbani akiamini Hisabati ni kubahatisha mwalimu anataka nini. Mwakani anaichukia, na sisi tunasema watoto wa siku hizi wavivu.

Mtaniambia mtihani unataka umbo fulani. Sawa, basi swali liliseme umbo hilo: fungua mabano, tafuta vigawo, kata. Na ukikuta majibu mawili tofauti ya aina hii, toa moja kwenye lingine, fungua mabano yote. Ikibaki sifuri, majibu ni sawa. Mpe mtoto maksi zake.

Tunaondoka hapa na digrii ya ualimu. Kama kompyuta inakataa kukisia na sisi tunawalazimisha watoto wakisie, tutakuwa tumesomea nini?

Mnaobisha leteni hoja, siyo kejeli. Nawahi kipindi cha saa nane. Tupo pamoja.