Nzige wa Kenya walianzia kwenye vimbunga vya Arabuni

Nzige walipoingia kaskazini mashariki mwa Kenya mwishoni mwa Disemba 2019, wengi waliona ni mkosi tu. Sisi tunaoishi huku Oman tunajua mambo yalianzia mlangoni kwetu.

Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Salalah, na Oktoba mwaka huo huo kikafuata Luban. Maji yakatuama kati ya matuta ya mchanga ya Rub al-Khali, majani yakaota mahali pasipoota hata mwiba. Nzige wa jangwani hutaga kwenye mchanga wenye unyevu, na kwa miezi mitatu tu huweza kuongezeka mara 20. Miezi tisa ni mara 8,000!

Lakini mvua peke yake haileti kundi. Kwa kawaida nzige huyu huishi peke yake kama panzi. Jua linaporudi na majani kukauka, wote hubanana penye kijani kilichobaki. Kwa kugusanagusana miguu hubadili tabia, kisha rangi, wakaanza kufuatana. Hapo tena upepo ndio nahodha, hadi kilomita 150 kwa siku.

Wakaingia Yemen, ambako vita vilikwamisha upuliziaji wa dawa, wakavuka hadi Pembe ya Afrika. Kenya ilikuwa haijaona uvamizi kama ule kwa miaka 70.

Kinachotuudhi ni kwamba kati ya Mekunu na Disemba ile ilipita miezi 19. Picha za setilaiti huonyesha jangwa likigeuka kijani, lakini fedha za dawa hutafutwa nzige wakishatua shambani.