Baba, Umefukuzwa Kazi?

Jumatatu ya kwanza ya likizo yangu niliamka saa mbili, nikajifunga msuli, nikakaa barazani na chai ya rangi na chapati za jana. Shule zilikuwa zimefungwa. Mwanangu mkubwa, ambaye yuko darasa la kwanza, akatoka chumbani anafikicha macho, akanitazama, akarudi ndani, halafu akatoka tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Baba, umefukuzwa kazi?"

Nilicheka. Mama yake alicheka kule jikoni. Mtoto mwenyewe hakucheka. Kumbe alikuwa na sababu zake. Mwaka jana baba wa rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipunguzwa kazini, na dalili ya kwanza ambayo mtaa mzima uliiona ni mzee wa watu kukaa barazani asubuhi ya siku ya kazi. Kwa hiyo kwa mwanangu, baba kuonekana nyumbani Jumatatu ni habari mbaya.

Wadau, swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima, na ndilo limenifanya niandike haya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa anastahili likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa humo humo. Nimewahi kuiandikia habari sheria hii, tena zaidi ya mara moja. (Wenzangu mnaolipwa kwa kila stori, msio na mkataba wala likizo, najua mnanisoma mkiwa mmekunja uso. Nilikuwa huko huko. Siku yenu nayo tutaiongelea.) Mimi nina mkataba kwa miaka mitano sasa. Mara tano siku 28 ni siku 140. Nikajiuliza, hizi siku 140 zilikwenda wapi?

Ya kwanza ililiwa na vikao vya harusi ya mdogo wangu. Ya pili ililiwa na msiba, na hiyo siidai kwa mtu. Zilizobaki zote zimekwenda Chanika.

Wakazi wa Dar mnaielewa Chanika yangu hata kama ya kwenu inaitwa Mbezi, Kibaha au Kigamboni. Una kiwanja, una fundi, na usipokuwepo saruji inaota miguu. Kwa hiyo mwajiriwa wa mji huu akipata likizo anavaa kandambili, anapanda daladala, anakwenda kukaa kwenye rundo la mchanga kuhesabu tofali. Siwacheki watu wanaojenga. Kodi ya nyumba inayodaiwa miezi sita kwa mkupuo inamfahamisha mtu haraka sana kwa nini anahitaji kwake. Ila kuna uongo ambao nimekuwa nikijidanganya, kwamba najenga kwa ajili ya watoto, kwa hiyo muda nilio Chanika ni muda wa watoto. Si kweli. Watoto wangu wanaijua nyumba hiyo kwa picha za kwenye simu tu. Fundi, yeye anajua hadi napenda maharage yaungwe vipi.

"Lakini mbona wikiendi tunawatoa autingi?" Ndiyo, tunawatoa. Autingi ya baba wa Kibongo naijua, nimeifanya mara nyingi. Unatafuta baa yenye lile jumba la kupuliza upepo la kurukia, unawalipia watoto tiketi, unawaambia kacheze, halafu unakaa mahali unapoiona vizuri ligi ya Uingereza. Mama anakaa na pochi, viatu vya watoto na simu za watu wote. Kuku choma anakuja, watoto wanakula dakika tano, wanarudi kuruka. Saa moja jioni mnarudi nyumbani mmechoka, mfukoni hamna kitu, na hakuna aliyezungumza na mwenzake zaidi ya kusema "ongeza chipsi". Hapo baba ni mlipaji, na mlipaji hata asingekuwepo, alimradi ametuma hela kwa simu.

Sasa niingie kwenye aibu yangu mwenyewe.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mimi na mama watoto tulipata likizo kwa wakati mmoja. Yeye anafanya kazi ya uhasibu. Dada anayetusaidia nyumbani akaomba ruhusa aende kwao, akaruhusiwa papo hapo, "si nipo nyumbani". Mimi nikatangaza kwa mbwembwe kwamba Alhamisi tunakwenda Coco Beach. Ufukwe ni bure, nikasema, tubebe chakula chetu, tusitupe hela.

Chakula chetu! Mke wangu aliamka saa kumi usiku. Akapika pilau, akakata kachumbari, akakamua ukwaju, akajaza hotipoti, akaogesha watoto wawili, akafungasha nguo za kubadilisha. Mimi niliamka saa moja nikauliza kama tuko tayari. Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, mawe yapo nje. Nikaenda na watoto kuwinda kaa kwenye vidimbwi, na kwa kweli tulifurahi sana. Niliporudi kwenye mkeka mama yao alikuwa amelala, mkono uko juu ya hotipoti. Alilala mpaka tunaondoka.

Jioni nikapandisha picha mtandaoni, "siku ya familia", watu wakamwaga mapenzi. Usiku akaitazama ile picha. Alikuwa pembeni, amelala mdomo wazi, nami nilikuwa nimemkata ili picha ipendeze. Akaniuliza maneno mawili tu: "Mimi sikwenda?"

Nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali miaka yote hii, sijawahi kuuliza swali zuri kama hilo.

Kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda. Likizo ya mama mwajiriwa katika mji huu kwa kawaida huwa si likizo. Anaacha kazi ya mshahara anaingia ya bila mshahara, na mapazia yote yanafuliwa wiki hiyo hiyo. Tukiongeza juu yake "siku za familia" ambazo yeye ndiye mpishi, mfungashaji na mwosha vyombo, tunakuwa tumemwongezea zamu. Kabla hujapanga kwenda popote, panga kwanza nani ataamka saa kumi.

Safari ya pili niliamka mimi. Mayai ya kuchemsha, mihogo, ndizi mbivu, chupa ya chai. Basi. Hakuna aliyekufa njaa. Tukapanda daladala mbili mpaka Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii. Tiketi zetu wote wanne hazikufika bei ya kilo moja ya nyama choma. Ni aibu iliyoje kwamba wengi wetu tuliingia pale mara moja na walimu, tukiwa na sare na foleni, hatukurudi tena.

Watoto walikimbilia kila mlango. Lakini kilichonishangaza kilitokea kwenye msonge wa Wahaya. Mke wangu ni wa kule. Aliinama kuingia, akasimama humo ndani kwenye giza, akanyamaza. Halafu akaanza kuongea. Akaeleza jinsi kwa bibi yake walivyokuwa wakitandika nyasi chini, harufu yake zikiwa mbichi, na jinsi yeye na binamu zake walivyotumwa kuzikata wakatumia nusu ya siku kucheza. Akamwonyesha mwanangu pa kukaa mgeni. Binti yetu mdogo akajilaza chini kabisa, eti anajaribu. Tulikaa pale karibu nusu saa. Nimeoa miaka minane, stori ile ilikuwa mpya kwangu kama ilivyokuwa kwa watoto.

Wiki iliyofuata tulikwenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kumsikiliza babu Zinjanthropus, yule ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Olduvai Julai 1959. Mwanangu aliuliza kama alikuwa anapiga mswaki. Treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu Juni 2024, tumeiweka akiba. Asubuhi unakwenda, jioni unarudi, ila nauli ya watu wanne inataka kujipanga.

Siku nyingine zote tulikuwa nyumbani, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Nilimwahidi mwanangu tiara. Nilijigamba kwamba utotoni nilikuwa bingwa. Tatizo la kwanza: tiara zetu tulizitengeneza kwa mifuko ya rambo, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tukachukua gazeti. Njiti mbili za fagio la chelewa, moja imenyooka, nyingine imepindwa kama upinde, uzi wa cherehani kuzunguka, gundi ya unga wa ngano uliokorogwa na maji ya moto. Mwanangu alipaka gundi kwenye gazeti, mezani na kwa mdogo wake.

Kisha tukatafuta pa kurushia. Hapa nikaumbuka kitaaluma. Nimeandika habari ngapi za viwanja vya wazi kuvamiwa na kujengwa? Nilikuwa naziandika kama habari za mipaka na vibali, naweka kauli ya mwenyekiti wa mtaa, nafunga laptopu. Siku hiyo nilizunguka mtaani kwangu na tiara mkononi, mtoto nyuma, natafuta sehemu isiyo na nyaya za umeme wala ukuta wa mtu, nikaikosa. Mwisho mlinzi wa shule ya msingi alituhurumia akatufungulia geti.

Tiara ikapanda mita tatu, ikazunguka kama kichaa, ikajipigiza chini. Mara nne. Kijana mmoja wa kama miaka kumi na mbili, aliyekuwa akitutazama kwa huruma, akasema, "Anko, mkia huo mfupi." Tukachana kanga kuukuu, tukaufunga, ikapanda mpaka nikaogopa uzi utakatika. Kwenye karatasi ile kulikuwa na makala yangu. Haijawahi kufika juu namna ile.

Kuna rafiki yangu alipoona haya akaniambia nimeanza mambo ya kizungu. Nikamuuliza, wewe gari la waya ulifundishwa na Mzungu? Nani alikuonyesha kukata matairi kwenye kandambili? Wazazi wetu hawakuwa na jina la kuita mambo haya, lakini mtoto alikuwa anabanja korosho na bibi, anasuka ukili na shangazi, anashika tochi wakati baba anatengeneza baiskeli. Sisi ndio tuliohamia mjini tukaweka kila kitu mikononi mwa fundi, tukabaki na kulipa. Nakubali kwamba hoja ya hela ina uzito kwa mwenye kipato cha kubangaiza, asiyelipwa siku asiyofanya kazi. Lakini mimi na huyo rafiki yangu hatuko huko. Bili yake ya Jumamosi moja ingetupeleka makumbusho mwezi mzima.

Jambo la mwisho ni mchicha. Siku ya pili ya likizo tulijaza udongo na samadi kwenye viroba vitatu vya unga vilivyotobolewa chini. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizimwaga hivi hivi zinalundikana, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu kwanza. Baada ya siku chache zikachomoza. Kuku wa jirani wakaja siku hiyo hiyo, tukafunika kwa kipande cha chandarua kilichochanika. Mchicha unachukua kama wiki tatu hadi nne kuwa tayari kung'olewa, yaani karibu sawasawa na likizo ya kisheria. Sikuwa nimelipanga hilo. Mwanangu alikuwa akitia alama ukutani kwa mkaa kila asubuhi anapomwagilia, na ule ukuta ni wa mwenye nyumba, najua nitausikia.

Siku ya 26 tuling'oa kiroba cha kwanza. Nilichambua mimi na watoto, mama yao amekaa kwenye kiti anasoma, miguu juu ya kigoda. Katikati ya kazi fundi akapiga kutoka Chanika: bosi, nondo za lenta zimepungua, na wewe siku hizi hauonekani. Nikamwambia nakuja Jumamosi. Mwanangu akauliza kama huko kuna nafasi ya viroba. Nikamwambia huko kuna ardhi kabisa, hatuhitaji viroba.

Tunakwenda naye. Mbegu zilizobaki amezitia kwenye kopo la kahawa, ameliweka juu ya friji ambako mdogo wake hafiki.